USO SI HATI YA MASHTAKA

Tarehe 2 Februari 2025 ilianza kutumika katika nchi 27 za Umoja wa Ulaya marufuku ambayo yafaa ifahamike katika kambi za jeshi na vituo vya polisi vya Afrika Mashariki. Tangu siku hiyo mwajiri wa Ulaya haruhusiwi kuielekeza mashine kwenye uso wa mfanyakazi wake ili impe habari kama mtu huyo amekasirika, ana huzuni au ana furaha. Mwalimu naye haruhusiwi kumfanyia hivyo mwanafunzi wake. Kinachoachwa nje ya marufuku hiyo ni matumizi ya tiba na ya usalama tu. Kampuni itakayokaidi yaweza kutozwa faini ifikayo euro milioni 35, au asilimia 7 ya mapato yake ya mwaka duniani kote, kiasi chochote kilicho kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili.

Marufuku hiyo ni sehemu ya sheria ya Ulaya kuhusu akili bandia, iliyopitishwa mwaka 2024. Lakini mtu akiisoma sheria hiyo kwa makini ataona kwamba ina mlango ulioachwa wazi. Karani wa benki amelindwa, na mtoto wa shule amelindwa. Msafiri aliyesimama mpakani hakulindwa kwa marufuku hiyo, wala mtuhumiwa aliyeketi mbele ya meza ya polisi. Kwa hao sheria inasema kwamba mashine za namna hiyo ni za hatari kubwa na zitumike kwa masharti. Na kuhusu mifumo itumiwayo kwa ajili ya jeshi, ulinzi au usalama wa taifa peke yake, sheria haisemi lolote, kwa sababu imeiweka kando kabisa.

Hivyo swali linabaki mikononi mwa askari wenyewe. Ikiwa mashine hii haifai kumpima karani anayehesabu fedha, je, yafaa kumpima mtu ambaye uhuru wake uko hatarini?

Kabla ya kujibu hapana budi kueleza mashine yenyewe ni kitu gani. Ni programu ya kompyuta. Watu wawili wanapozungumza kwa simu ya video, kila mmoja akimwona mwenzake kwenye kioo, programu hiyo huketi katikati yao kama mtu wa tatu asiyeonekana. Kwanza huutafuta uso katika picha. Kisha huweka alama ndogo ndogo penye pembe za macho, nyusi, pua, midomo na taya, na kuufuata mwendo wa alama hizo mara nyingi kwa kila sekunde. Mwisho huulinganisha mwendo huo na maelfu ya picha zilizokwisha kupewa majina: hii ni furaha, hii ni hasira, hii ni woga. Jibu lake hutoka kwa tarakimu, nalo huonekana la kisayansi kwa sababu tarakimu hazina sauti ya kusitasita.

Kuna programu zinazomnong'oneza muuzaji kwamba mteja wake ameanza kuchoshwa na maneno. Kuna zilizojaribiwa katika masomo ya video, zikimweleza mwalimu ni mwanafunzi gani hakuelewa. Nyingine hazimwelezi mtu, bali hujibu zenyewe, zikibadili sauti na maneno kwa kadiri zinavyouona uso ulio mbele yake. Mnamo Mei 2022, mashirika zaidi ya 25 ya kutetea haki za watu yaliiandikia kampuni ya Zoom ya Marekani, ambayo simu zake za video hutumiwa na mamilioni ya watu, yakiitaka iache mawazo ya kuingiza chombo cha namna hiyo katika mazungumzo ya watu.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Mashine hii haikujifunza hasira kutoka kwa hasira. Ilijifunza kutoka katika jina ambalo mtu fulani, akiwa ameketi mahali fulani, aliliandika chini ya picha ya mtu asiyemjua. Kama mwandishi huyo aliona mdomo uliokazwa akaandika "hasira", mashine itarudia neno hilo maisha yake yote, kila itakapouona mdomo uliokazwa, hata kama mwenye mdomo huo anaumwa jino.

Wazo la kuusoma uso halikuanza na kompyuta. Mwaka 1862 tabibu mmoja wa Ufaransa, Duchenne de Boulogne, alitoa kitabu cha picha za nyuso ambazo misuli yake aliichezesha kwa umeme. Miaka kumi baadaye, mwaka 1872, Mwingereza Charles Darwin aliandika kitabu kizima juu ya namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia zao. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Paul Ekman alikwenda hadi vijiji vya Papua New Guinea, akiwa na picha za nyuso mkononi, akashikilia kwamba ziko hisia sita ambazo watu wote duniani huzionyesha usoni kwa njia moja: furaha, huzuni, hasira, woga, karaha na mshangao. Mwaka 1978, pamoja na mwenzake Wallace Friesen, alitoa utaratibu wa kuuandika kila mtikisiko wa misuli ya uso kwa nambari. Na mwaka 1997 Rosalind Picard, wa chuo cha MIT cha Marekani, alitoa kitabu kilichofungua njia ya kuzifundisha kompyuta hisia za watu.

Kutoka hapo safari ya kufika sokoni ilikuwa fupi. Nambari zilikuwa zimekwisha tayari, picha zilijaa kwenye intaneti, na kamera zilikuwa katika kila simu. Waliokuwa na haraka hawakungoja kuuliza kama msingi wa jengo ulikuwa imara.

Walioukagua msingi huo walitoa taarifa yao mwaka 2019. Wataalamu watano, wakiongozwa na Lisa Feldman Barrett, walipitia maandishi ya utafiti zaidi ya elfu moja. Waliona kwamba watu waliokasirika hukunja uso kwa wastani chini ya mara 30 katika kila mara 100. Mara nyingine zote mtu aliyekasirika hunyamaza, au hutabasamu, au hulia, au hutazama chini. Tena yuko anayekunja uso bila hasira yoyote, kwa sababu anafikiri sana, au jua linamchoma macho, au hakusikia vizuri alichoulizwa. Kwa hiyo mashine yaweza kuiona ndita ya uso bila kosa, lakini haiwezi kuapa mbele ya hakimu kwamba ndita hiyo ni hasira. Kati ya kuona na kujua pana mto mpana, na mashine haina daraja lake.

Mfano unaowahusu zaidi askari umetoka katika mipaka ya Ulaya yenyewe. Kati ya mwaka 2016 na 2019 Umoja wa Ulaya uligharimia jaribio lililoitwa iBorderCtrl, kwa fedha zipatazo euro milioni 4.5, likihusisha mipaka ya Hungaria, Latvia na Ugiriki. Msafiri aliyetoka nje ya Umoja wa Ulaya alitakiwa aanze kuhojiwa kabla hajaondoka nyumbani. Angekaa mbele ya kamera ya kompyuta yake, na kwenye kioo angetokea askari wa mpaka ambaye si mtu, ni picha iliyochorwa na kompyuta, akimwuliza maswali juu ya safari yake na vitu vilivyomo ndani ya sanduku lake. Wakati msafiri akijibu, programu ingeipima mitikisiko midogo ya uso wake na kutoa hesabu ya ukweli na uongo. Hesabu hiyo ingemtangulia mpakani. Mwenye alama nzuri angepita haraka. Mwenye alama mbaya angewekwa pembeni kwa maswali zaidi.

Yafaa kukumbuka msafiri huyo ni nani. Hakuwa Mjerumani wala Mfaransa, kwa sababu hao hupita ndani ya Umoja wao. Ni mgeni: mwanafunzi, mfanyabiashara, mtu anayekwenda kumtembelea ndugu yake. Yaani angeweza kuwa mtu yeyote wa Kampala, Goma, Kigali, Nairobi au Mwanza.

Je, mashine hiyo ilisema kweli kiasi gani? Watengenezaji wake walieleza kwamba katika jaribio la awali, lililofanywa kwa watu 32 tu, baadhi yao wakiwa wameelekezwa kusema uongo na wengine ukweli, iliweza kutambua sawasawa kwa kadiri ya robo tatu. Robo tatu yaonekana si haba. Mwanafunzi akipata 75 katika mtihani hupongezwa. Lakini kazi ya ulinzi ina hesabu yake, na yafaa ifanywe polepole.

Tuseme wasafiri 1,000 wamefika mpakani siku moja, na kati yao 10 ni waongo wenye jambo la kuficha. Mashine yenye usahihi wa robo tatu itawakamata 7 au 8 katika hao 10, na wawili au watatu watapita wakiwa na cheti cha uaminifu mkononi. Sasa watazamwe wale wakweli, ambao ni 990. Robo yao mashine itawaita waongo. Hao ni watu wapatao 247. Kwa hiyo afisa wa zamu atapokea watu kama 255 walioandikiwa alama ya uongo, na katika kila 100 kati yao, 97 ni watu wasio na kosa. Ataanza na nani? Asubuhi atawahoji wote kwa bidii. Mchana atachoka. Jioni atakuwa amejifunza mojawapo ya mambo mawili mabaya: ama kuidharau mashine, ama kuwadharau watu.

Mwaka 2019 mwandishi wa habari mmoja aliijaribu mashine hiyo kwenye mpaka wa Hungaria na Serbia. Aliulizwa maswali 16, naye akayajibu yote kwa ukweli. Mashine iliamua kwamba amesema uongo mara nne. Patrick Breyer, aliyepata kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya, alikwenda mahakamani kudai nyaraka za jaribio hilo ziwekwe wazi. Desemba 2021 mahakama ilimpa sehemu tu ya alichodai, na alipokata rufani, Septemba 2023, rufani yake ilitupwa. Jaribio lenyewe lilimalizika mwaka 2019. Lakini tamaa iliyolizaa haikumalizika.

Tamaa hiyo ni ya zamani. Marekani, ambako mashine ya kupima uongo kwa mapigo ya moyo na jasho imetumiwa na polisi tangu mwaka 1921, ilikwisha kulipa gharama ya kuiamini. Aldrich Ames alikuwa afisa wa shirika la ujasusi la CIA. Tangu mwaka 1985 aliuza siri za nchi yake kwa Wasovieti, na watu waliokuwa wakiisaidia Marekani walikamatwa na kuuawa kwa sababu yake. Mwaka 1986 aliwekwa kwenye mashine ya kupima uongo, akapita. Mwaka 1991 aliwekwa tena, akapita tena. Alipokamatwa mwezi Februari 1994, hakukamatwa kwa jasho wala kwa macho. Alikamatwa kwa sababu wachunguzi waliketi na vitabu vya benki, wakazilinganisha tarehe alizoweka fedha na tarehe alizokutana na maofisa wa Kisovieti. Tena alikuwa amenunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu, jambo ambalo mshahara wake usingeliweza. Uso wake ulisema uongo kwa miaka tisa. Karatasi zilisema kweli.

Funzo hilo halikutosha. Kuanzia mwaka 2007 Marekani ilisambaza katika viwanja vyake vya ndege maofisa waliofundishwa kuwatazama abiria nyuso na mwenendo, ili kuwatambua wenye nia mbaya. Kazi hiyo ilimeza dola zipatazo milioni 900. Novemba 2013 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuwa njia hiyo inafaa, ikashauri fedha zake zipunguzwe. Wakaguzi hao walikumbusha kwamba, kwa mujibu wa tafiti nyingi, uwezo wa binadamu kutambua uongo kwa kutazama tu ni sawa, au umezidi kidogo, kuliko kurusha sarafu hewani. Mwaka 2006 wataalamu wawili, Bond na DePaulo, walikusanya matokeo ya watu zaidi ya 24,000 walioombwa kutambua waongo. Walipata wastani wa 54 katika 100. Basi mashine iliyofundishwa na walimu wenye alama 54 itapata wapi elimu ya kuwazidi?

Jambo la pili ni rangi ya ngozi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, aliyezaliwa Ethiopia, walizipima programu za kampuni kubwa zilizodai kutambua uso wa mwanamume na wa mwanamke. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Mwaka huo huo Lauren Rhue alitumia picha za wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, akaona kwamba programu mbili za kusoma hisia ziliwahesabu wachezaji weusi kuwa na hisia mbaya zaidi ya weupe. Ikiwa mashine haimtambui mama wa Kiafrika kuwa ni mwanamke, hakuna sababu ya kuikabidhi kazi ya kusema kama mama huyo ana hatia.

Na jambo la tatu ni mila, ambalo kila askari wa Afrika Mashariki analijua bila kusoma kitabu. Katika nyumba nyingi za nchi hizi kijana hamkazii macho mzee wake. Huinamisha kichwa, hujibu kwa sauti ya chini, na huo ndio ukamilifu wa adabu. Kijana huyo huyo akiitwa kituoni, mbele ya afisa aliye sawa na baba yake kwa umri, atafanya hivyo hivyo. Mgeni asiyejua mila ataandika kwamba anakwepesha macho. Mashine, ambayo haikulelewa na mtu, itaandika hivyo pia.

Askari mwenyewe ni shahidi. Tangu siku ya kwanza ya mafunzo hufundishwa kusimama wima, kutazama mbele, kufunga mdomo na kutokutikisa uso hata inzi akitua puani. Sura hiyo ya gwaride ni ya utii. Mbele ya programu iliyozoea tabasamu za maofisini, kikosi kizima kilichosimama hivyo chaweza kuonekana kikosi cha watu wenye hasira. Siku ambayo afande angetumia mashine kama hiyo kuamua nani apandishwe cheo na nani atiliwe shaka, wangeumia kwanza waliofundishika vizuri zaidi.

Tena yuko mtu ambaye kila siku hupita mbele ya macho ya majeshi na polisi wa nchi hizi: mkimbizi. Uganda peke yake imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Mama anayevuka pale Mpondwe kutoka Kongo, na mtoto mgongoni, huweza kutetemeka anapoona sare na bunduki. Mashine itaona woga, na huenda safari hii isikosee. Lakini haiwezi kujua kwamba woga huo ameuleta kutoka kijiji ambacho watu wenye bunduki walikichoma moto, na kwamba anayemwogopa si askari aliye mbele yake. Binadamu anayejua kazi yake atampa maji kwanza, atampa mahali pa kuketi, na baada ya nusu saa atamwuliza jina. Majibu yatakayokuja hapo yatakuwa na faida kwa ulinzi wa nchi kuliko tarakimu zozote. Moyo wa mtu ni msitu mnene. Hauingiwi kwa mbio.

Haki inataka pia kutaja manufaa. Kuutazama uso kwa mashine si kosa kila mahali. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa na chombo cha kumwonya dereva anayesinzia, na baadhi ya vyombo hivyo hutumia kamera inayoyatazama macho yake. Anayejua safari za usiku za malori ya jeshi hatakidharau chombo kama hicho. Mwaka 2019 madaktari wa Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lililohusu watoto 71 wenye usonji, baadhi yao wakisaidiwa kwa miwani yenye kompyuta kujifunza kuzitambua sura za watu wa nyumbani mwao. Tofauti ni dhahiri. Dereva anaamshwa na mtoto anafundishwa, hakuna anayehukumiwa. Mashine ikikosea, dereva atasikia kengele ya bure, basi.

Wauzaji wenyewe wameanza kurudi nyuma. Januari 2021 kampuni ya HireVue ya Marekani, iliyokuwa ikizipima nyuso za waombaji kazi katika usaili wa video, ilitangaza kwamba imeacha kuzipima. Juni 2022 kampuni ya Microsoft ilitangaza kuondoa katika programu zake uwezo wa kukisia hisia kutoka usoni, ikikiri kwamba hata wataalamu hawajakubaliana maana ya neno hisia. Ndugu wasikilizaji, bidhaa inapofukuzwa katika soko la matajiri mara nyingi hutafuta soko jingine. Si ajabu kesho ikaja kubisha hodi huku, imefungwa katika sanduku jipya, ikiambatana na ahadi ya kumaliza uhalifu.

Siku itakapobisha hodi, yako maswali ambayo afisa yeyote anayehusika na manunuzi au mafunzo ana haki ya kuyauliza. Ilijaribiwa kwa nani, na wangapi kati yao walikuwa watu weusi? Katika kila 100 inaowashuku, wangapi huwa hawana kosa? Picha za nyuso za wananchi, na za askari wenyewe, zitahifadhiwa nchi gani na chini ya ulinzi wa nani? Nchi za Afrika Mashariki zinazo sheria za kulinda taarifa za mtu binafsi: Kenya na Uganda tangu mwaka 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania tangu 2022. Uso wa mtu ni taarifa yake binafsi iliyo karibu naye kuliko zote, kwa kuwa hawezi kuuacha nyumbani. Na kwa kuwa tangu mwaka 2020 mahakama kadhaa za kanda hii zimezoea kusikiliza mashauri kwa njia ya video, swali hili haliwezi tena kuitwa la nchi za mbali.

Kuna atakayesema kwamba sajini mwenye miaka 20 ya kazi huyatambua mambo kwa kuutazama uso, na hahitaji ruhusa ya mtaalamu. Ni kweli kwamba sajini huyo huona mengi. Lakini akiwa mwema wa kazi, anachokiona hukifanya mwanzo wa swali, hakifanyi mwisho wa shauri. Humwona kijana amestuka lilipotajwa jina la mtaa fulani. Hamwandikii kosa kwa kustuka. Huenda katika mtaa huo akamtafuta shahidi. Mashine haiendi mtaani. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Uingereza ilijifunza hayo kwa uchungu. Baada ya watu kufungwa kwa maungamo yaliyotolewa kwa kubanwa, na baadaye mahakama kuwaachia huru, polisi wa Uingereza na Wales walianza mwaka 1992 utaratibu mpya wa kuhoji. Mhojaji hujitayarisha kwanza. Humweleza anayehojiwa kinachofanyika. Humwacha aeleze habari yake yote bila kukatizwa. Kisha huyalinganisha maelezo hayo na ushahidi uliokwisha kukusanywa, jambo kwa jambo. Na mwisho huipima kazi yake mwenyewe. Katika hatua hizo zote, mwenye kuhoji hatumwi kukisia moyo wa mtu kwa kumtazama nyusi. Hutakiwa kusikiliza, kuandika na kuhakikisha.

Kazi hiyo ni ya polepole, haina taa za kumetameta, wala haiuzwi na kampuni yoyote. Huhitaji kalamu, subira, na afisa anayeijua lugha ya anayemhoji. Ndiyo iliyowafikisha mahakamani wezi wa kweli, na ndiyo iliyowarudisha nyumbani watu wasio na hatia.

Raia anayeingia kituoni huja na uso aliopewa na Mungu, ukiwa umechoka, umeogopa au umenuna. Hakuuchagua, na hawezi kuujibia. Awezacho kujibia ni matendo yake. Hayo ndiyo askari aliyoapa kuyachunguza.